Ndaye Mulamba: mtu aliyeliliwa angali hai

Tarehe 26 Januari 2019, huko Johannesburg, Afrika Kusini, mzee mmoja Mkongomani aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 70. Alikuwa amesumbuliwa muda mrefu na ugonjwa wa moyo, wa figo na wa magoti. Katika ujirani wa huko alijulikana kama mume wa mwanamke wa pale pale, rafiki wa watu, na mzee aliyewafundisha vijana kucheza mpira. Katika vitabu vya mpira wa Afrika, jina lake ni Pierre Ndaye Mulamba, aliyefunga magoli 9 katika Kombe la Afrika moja tu. Hadi leo hakuna mtu aliyefikisha hesabu hiyo.

Vijana wetu wengi hawamjui. Wanajua wachezaji wa leo, wanajua ekipi za Ulaya. Wazee wanalijua jina lake, lakini ukiwauliza alimalizia wapi maisha yake, wengi wanakwama. Ndiyo sababu tumeona ni vizuri kusimulia maisha yake hapa, hasa kwa ajili yenu ndugu mlio mbali na kwenu, mnaokaa kwenye mahema, mashuleni, makanisani au katika jamaa za mapokezi. Maana Ndaye hakuwa mchezaji tu. Alikuwa mkimbizi kama ninyi. Tena alipatwa na jambo ambalo linazipata jamaa nyingi za kwetu: alitangazwa kuwa amekufa, watu wakamlilia, na yeye bado anapumua.

Kijana wa Luluabourg

Ndaye alizaliwa tarehe 4 Novemba 1948 huko Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga, katika Kasai. Alianza kucheza kwao, baadaye akafika Kinshasa na kuingia AS Vita Club. Huko ndiko nchi nzima ilikomfahamu.

Watu walimpa majina mawili. La kwanza ni Volvo. La pili ni Mutumbula. Wazee wa Kasai na Katanga wanajua neno hilo lilivyotisha watoto: mutumbula ni yule mtu wa hadithi anayezunguka usiku akikamata watu, na aliyekamatwa harudi tena. Walinzi wa ekipi nyingine ndivyo walivyomwona Ndaye. Unadhani yuko mbali, ukigeuka amekwisha kufika.

Mwaka wa 1973 Vita Club ilicheza fainali ya kombe la vilabu bingwa vya Afrika na Asante Kotoko ya Ghana. Mechi ya kwanza, huko Kumasi, Vita ilifungwa 4 kwa 2. Watu wengi walidhani mambo yamekwisha. Lakini mechi ya marudio ilichezwa Kinshasa, na Vita ikashinda 3 kwa 0. Kombe likabaki Zaire. Mwezi huo huo wa Desemba 1973, ekipi ya taifa, Léopards, iliifunga Morocco 3 kwa 0 na kupata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ya Afrika iliyo kusini ya jangwa la Sahara kufika huko.

Siku kumi na nne za Machi 1974

Kabla ya Kombe la Dunia kulikuwa na Kombe la Afrika, nchini Misri, kuanzia tarehe 1 hadi 14 Machi 1974. Léopards hawakuanza kama mabingwa. Waliishinda Guinea 2 kwa 1, kisha wakafungwa 2 kwa 1 na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto, Congo-Brazzaville. Wakaifunga Mauritius 4 kwa 1, wakapita.

Nusu fainali ilikuwa dhidi ya wenyeji wenyewe, Misri. Wamisri walitangulia kwa magoli 2 kwa 0, uwanja umejaa watu wao. Léopards walirudi wakashinda 3 kwa 2, na Ndaye alikuwa mmoja wa waliofunga.

Fainali ilichezwa tarehe 12 Machi dhidi ya Zambia. Dakika 90 zilikwisha 1 kwa 1. Katika dakika za kuongeza Ndaye akafunga la pili, na watu wa Zaire wakadhani kombe ni lao. Dakika ya mwisho kabisa, Zambia ikasawazisha: 2 kwa 2. Wakati huo penalti hazikutumiwa kuamua fainali, kwa hiyo ikabidi mechi irudiwe siku mbili baadaye. Hiyo ni fainali pekee ya Kombe la Afrika iliyowahi kurudiwa. Tarehe 14 Machi Zaire ilishinda 2 kwa 0. Magoli yote mawili yalifungwa na Ndaye, kama yale mawili ya mechi ya kwanza. Kwa maneno mengine, fainali ile iliyochezwa mara mbili, magoli yote 4 ya Zaire yalitoka kwa mtu mmoja.

Ukihesabu mashindano yote, alikuwa na magoli 9. Miaka minne kabla yake, Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire alikuwa amefunga 8. Baada ya Ndaye wamepita wachezaji wakubwa wa kila nchi, hata Samuel Eto'o, aliyefunga magoli mengi kuliko wote ukijumlisha Makombe yote aliyocheza. Hakuna aliyefikisha 9 katika Kombe moja.

Huko Kinshasa wachezaji walipokelewa kama wafalme. Rais Mobutu aliwapa nyumba na magari. Radio zilitaja majina yao asubuhi na jioni: Kazadi Mwamba golini, Bwanga Tshimen na Lobilo Boba nyuma, Kidumu Mantantu, Mayanga Maku, Kakoko Etepe, na Ndaye Mulamba.

Aliadhibiwa kwa kosa la mwingine

Juni ya mwaka ule ule, walikwenda Ujerumani Magharibi kwa Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza walifungwa na Scotland 2 kwa 0, na haikuwa aibu. Shida ilikuja baadaye. Wachezaji, akiwemo Mwepu Ilunga, walisimulia miaka mingi baadaye kwamba walisikia fedha walizoahidiwa hazitafika mikononi mwao. Waliingia uwanjani kucheza na Yugoslavia wakiwa wamevunjika moyo.

Mechi ile ya tarehe 18 Juni, huko Gelsenkirchen, ilikwisha 9 kwa 0. Lakini kuna jambo moja ambalo watu wachache wanalikumbuka. Kabla ya nusu saa, wachezaji wa Zaire walimzunguka mwamuzi wakilalamikia goli moja. Mwepu Ilunga akampiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi alipogeuka, alimpa kadi nyekundu Ndaye Mulamba. Mwepu mwenyewe alikiri kwamba yeye ndiye aliyefanya kosa. Haikusaidia kitu. Ndaye alitoka uwanjani, na hivyo ndivyo Kombe lake la Dunia lilivyokwisha. Mfungaji bora wa Afrika hakucheza hata mechi ya Brazil, ambayo Zaire ilifungwa 3 kwa 0.

Waliporudi nyumbani, hapakuwa tena na ngoma. Mkubwa wa nchi alikuwa amekasirika, na mpira ukaanza kusahauliwa. Baadaye mwaka huo, Oktoba 1974, macho ya dunia yalikuwa Kinshasa kwa ajili ya ndondi ya Muhammad Ali na George Foreman. Wale waliobebwa mabegani mwezi wa Machi walikuwa wamekwisha kuwa habari ya zamani.

Ndaye aliendelea na Vita Club hadi mwaka wa 1988. Hapo akastaafu. Lakini neno kustaafu tulitumie kwa uangalifu. Mwalimu au mtumishi wa serikali akistaafu, walau kwenye karatasi ana haki ya kudai, hata kama anaidai miaka kumi bila kuipata. Mchezaji wa Zaire wa wakati ule hakuwa na karatasi hiyo. Alikuwa na nguvu za miguu, na sifa. Magoti yalipochoka, ilibaki sifa peke yake, na sifa hainunui unga.

Medali iliyoleta risasi

Mwaka wa 1994, miaka 20 baada ya ushindi wa Misri, viongozi wa mpira wa Afrika walimkumbuka. Walimwalika Tunisia, kwenye Kombe la Afrika la mwaka ule, wakamtunukia. Ilikuwa heshima ya kweli. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia. Walidhani mtu aliyetoka kupewa heshima mbele ya Afrika nzima lazima amerudi na fedha. Walimpiga risasi mguuni.

Mguu ule uliomletea Zaire kombe ndio ulioumizwa. Rafiki mmoja alimpokea nyumbani kwake, akakaa huko karibu miezi minane akitibiwa. Katika miaka hiyo ya vurugu alimpoteza pia mwanawe wa kwanza, aliyeuawa.

Kisha ikaja vita ya 1996. Sisi wa mashariki hatuhitaji kuelezwa vita hiyo. Tunajua Oktoba ile ilivyokuwa Uvira na Bukavu, na Novemba ilivyoanza Goma. Mwaka huo Ndaye aliikimbia nchi yake. Alifika Johannesburg, baadaye akaenda Cape Town, upande wa mwisho kabisa wa bara letu. Mtu aliyewahi kupewa nyumba na gari na rais alifika kule mikono mitupu, na mguu mbovu, bila lugha ya pale.

Afrika Kusini haiweki wakimbizi kambini. Mkimbizi anatafuta mahali pa kulala mwenyewe, anapanga foleni kwa ajili ya karatasi, anaifanya upya kila muda wake unapokwisha. Ndaye alipokelewa na jamaa moja katika mtaa wa watu maskini. Hawakumpokea kwa sababu ya magoli 9. Walimpokea kwa sababu alikuwa mtu asiye na mahali.

Dakika moja ya kunyamaza

Februari 1998, Kombe la Afrika lilichezwa Burkina Faso. Nchi yetu ilikuwa imebadilisha jina mwaka mmoja kabla, na ekipi yetu ilifanya vizuri. Katika mechi ya kutafuta nafasi ya tatu tulikuwa tumefungwa 4 kwa 1 na wenyeji, tukarudi hadi 4 kwa 4, tukashinda kwa penalti. Wengi wenu mnaikumbuka.

Ni katika Kombe hilo hilo ambapo watu walisimama uwanjani na kunyamaza dakika moja kwa heshima ya Ndaye Mulamba. Habari ilikuwa imeenea kwamba alikufa Angola, katika ajali ya mgodi wa almasi. Watu waliamini. Kwa nini wasiamini? Wakongomani wengi walikuwa wakienda Angola kuchimba almasi, na wengine hawakurudi. Mtu ametoweka miaka miwili, hakuna simu, hakuna barua, kisha mtu mmoja anasema amekufa. Habari inapita kutoka mdomo hadi mdomo, na kila anayeipokea anaongeza uhakika kidogo.

Wakati wanamlilia, Ndaye alikuwa hai huko Afrika Kusini. Hakuwa na kazi, na alikuwa akinywa sana pombe. Ndiyo hali aliyokuwa nayo, na tukiificha tutakuwa tunamsimulia mtu mwingine. Mtu aliyepoteza mtoto, nchi, afya na jina, akanywa. Wangapi katika makambi yetu tunawaona hivyo, na tunawapita tukisema ni walevi tu?

Tujiulize, ndugu wasikilizaji. Kilio kile cha 1998 kilifanywa kwa moyo mzuri. Lakini dakika moja ya kunyamaza ni rahisi kuliko kumtafuta mtu. Watu walikuwa wametunza hesabu ya magoli yake, mwenyewe wakampoteza. Kama mmoja angeuliza, nani aliuona mwili? Nani alimzika? Jibu lingekosekana, na pengine wangeanza kumtafuta.

Mume, rafiki, mwalimu wa watoto

Kilichomwinua Ndaye hakikutoka kwa wakubwa. Kilitoka kwa watu wa mtaani. Alioa mwanamke wa Afrika Kusini, akawa na nyumba tena, mahali ambapo mtu anaulizwa umekula, umelalaje, goti linaumaje leo. Akaanza kuwafundisha mpira vijana wa ekipi ndogo za mtaa.

Ndoa kama hiyo ina uzito wake. Mei 2008, katika nchi hiyo hiyo, wageni walishambuliwa mitaani, kuanzia Alexandra, Johannesburg, hadi miji mingine na Cape Town pia. Watu zaidi ya 60 waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakayakimbia makao yao, Wakongomani miongoni mwao. Watu waliambiwa waziwazi: rudini kwenu. Katika nyumba ya Ndaye, mwenyeji na mgeni walikuwa wakila sahani moja.

Habari yake ilianza kujulikana upya. Filamu iitwayo Forgotten Gold ilitengenezwa juu ya maisha yake, ikamfuata hadi alipokwenda kuiona tena Kongo. Kitabu cha Kifaransa pia kiliandikwa, jina lake La mort m'attendra, yaani kifo kitaningoja. Ni jina linalomfaa mtu aliyetangazwa marehemu mwaka wa 1998. Mwaka wa 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika kwa mara ya kwanza, lilichezwa katika nchi aliyokuwa akiishi. Waandishi wa habari walimtafuta, na safari hii walimpata.

Kifo kilimngoja karibu miaka 21 baada ya tangazo lile la uongo. Katika miaka hiyo alipata kuwa mume, alipata marafiki wapya, alifundisha watoto wa watu, na aliiona tena nchi yake. Maisha hayo yote, kwa wale waliomlilia Burkina Faso, hayakuwapo.

Neno kwa jamaa zetu

Leo hapa kwetu kuna jamaa nyingi zilizotawanyika. Makambi yaliyouzunguka mji wa Goma yalipovunjwa Februari 2025, wengine walirudi Masisi na Rutshuru, wengine wakaelekea upande mwingine, wengine wakavuka mipaka. Baba yuko hapa, mama yuko kule, watoto kwa mjomba. Na kila juma tunasikia: fulani amekufa, niliambiwa, nimeona kwenye simu. Kuna wanawake wanaoitwa wajane bila kujua kwa hakika. Kuna wazee wastaafu, walimu, wauguzi, madreva, walioheshimiwa kwao, ambao mahali walipo sasa hakuna anayejua walikuwa nani.

Kwa hiyo, maisha ya Ndaye yanatupa mambo matatu ya kufanya.

La kwanza, tusimtangaze mtu kuwa marehemu kwa sababu tu hasikiki. Tuulize nani aliona, wapi, lini. Msalaba Mwekundu wa Kongo pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wana kazi ya kutafuta watu waliopotezana na jamaa zao, na hawatozi fedha. Nenda na majina kamili, mahali alipozaliwa mtu, na mahali alipoonekana mara ya mwisho.

La pili, tumuulize mzee habari zake angali anasema. Alifanya kazi gani, wapi, na nani. Kijana anayejua kuandika achukue daftari aandike, na kama hakuna daftari, sauti ya simu inatosha. Magoli ya Ndaye yaliandikwa na watu wa magazeti. Kazi ya baba yako hakuna gazeti lililoiandika.

La tatu linawahusu ninyi wenye nyumba mliopokea watu, na ambao mmechoka. Tunajua unga ni ule ule na midomo imeongezeka. Rafiki aliyempokea Ndaye miezi minane, na ile jamaa ya Cape Town iliyompokea bila kumjua, hawakupewa medali. Wazee wetu walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Bila watu hao, uvumi wa 1998 ungekuwa kweli mapema sana.

Rekodi ya magoli 9 siku moja itavunjwa, kama rekodi zote. Labda na kijana anayepiga mpira wa makaratasi karibu na hema lako leo. Siku hiyo ikifika, na jina la Ndaye Mulamba likitajwa tena redioni, waeleze watoto habari yote: kwamba alikuwa Mukasai, Mkongomani, mkimbizi, kwamba alianguka, na mke na marafiki wakamwinua, na kwamba alikufa mara moja tu, tarehe 26 Januari 2019.